Vinavyong'aa Siku Kumi na Mbili

Desemba 2015, watafiti wawili wa taasisi ya Center for Global Development ya jijini Washington, Todd Moss na Priscilla Agyapong, walitoa hesabu iliyozunguka dunia kabla Krismasi yenyewe haijafika. Taa za mapambo ya sikukuu nchini Marekani, taa hizo tu, zilikuwa zikila umeme wa uniti bilioni 6.63 kwa mwaka. Tanzania nzima, pamoja na viwanda vyake, hospitali zake, mashine za kusaga na majokofu ya soda, ilikuwa ikitumia uniti bilioni 4.81. Ethiopia, uniti bilioni 5.30. Vimulimuli vya wiki chache vilikuwa vimezipita nchi mbili za Afrika Mashariki, kila moja kwa zamu yake.

Msikilizaji aliyewahi kukaa gizani akisubiri umeme urudi anaweza kuisikia hesabu hiyo akaguna. Ana haki ya kuguna. Hata hivyo, umeme ndio upande mwepesi wa habari hii. Takwimu ya Marekani ilitokana na utafiti wa 2008, na tangu hapo balbu za waya wa moto zimeachia nafasi taa za LED, ambazo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme wa zile za zamani. Isitoshe, uniti ikishatumika imekwisha. Haina pa kulundikana. Kinacholundikana ni waya wenyewe, na mti wa plastiki uliofungwa waya huo, na theluji ya bandia iliyopukutika sakafuni, na shada la mlangoni ambalo mwakani litaonekana limepitwa na wakati.

Unafuu wa umeme nao una kituko chake. Mwaka 2014 shirika la anga la Marekani, NASA, lilionyesha vipimo vya setilaiti ya Suomi NPP: kati ya sikukuu ya Thanksgiving na Mwaka Mpya, usiku wa miji mingi ya Marekani hung'aa kwa asilimia 20 hadi 50 zaidi ya kawaida, hasa mitaa ya pembezoni yenye nyumba za familia na bustani mbele. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo taa za LED zilikuwa tayari zimejaa madukani. Taa ikila kidogo, mtu hufunga nyingi. Aliyekuwa na kamba moja dirishani sasa anaizungushia nyumba nzima, kuanzia paani hadi kwenye sanduku la barua.

Kupamba kwa Krismasi hakukuanza hivi. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanaeleza miti iliyosimamishwa sebuleni wakati wa Krismasi na kupambwa kwa maua ya karatasi, matofaa, vikaki vyembamba na peremende. Sikukuu ikiisha, watoto waliushambulia mti, wakala mapambo, na kilichosalia kikaingia jikoni kuwa kuni. Hakuna aliyehitaji mzoa taka.

Kutoka matofaa hadi kioo ni safari ya milimani Thuringia, Ujerumani, katika kijiji cha Lauscha, ambako mafundi walipuliza vioo kwa vizazi vingi. Kufikia katikati ya karne ya 19 familia za huko zilikuwa zikitengeneza vitufe vya kioo vya kutundika mtini, kazi ya mezani nyumbani: baba anapuliza, mama anatia rangi ya fedha kwa ndani, watoto wanafunga vikulabu. Kitufe kama hicho kiliwekwa kwenye pamba, kikarudishwa sandukuni, kikarithiwa. Kikivunjika, nyumba ilijua.

Mtu aliyevifanya vitufe hivyo kuwa biashara ya dunia hakuvipenda mwanzoni. Frank Woolworth, mwenye duka la vitu vya senti tano na kumi huko Lancaster, Pennsylvania, alishawishiwa mwaka 1880 na mletaji wa bidhaa achukue vichache. Woolworth aliona ni vitu vya kuvunjika tu, wala havina kazi. Akachukua vya dola 25 kwa shingo upande. Vikaisha kwa siku mbili. Miaka kumi baadaye alikuwa akisafiri mwenyewe hadi Ujerumani kuagiza, na maduka yake yakageuka lango la Wamarekani wa kipato cha kawaida kuingia katika anasa ambayo zamani ilikuwa ya sebule za matajiri.

Taa nazo zilipita njia hiyohiyo. Tarehe 22 Desemba 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alifunga balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu kwenye mti nyumbani kwake New York na kuuzungusha kwa mota ili waandishi wa habari washangae. Miongo miwili baadaye kamba ya taa iliuzwa dukani kwa dola 12, karibu mshahara wa wiki wa mtu wa kawaida, na baadhi ya maduka yakazikodisha kwa dola moja na nusu. Kukodisha pambo! Leo mtu akipendekeza hivyo mjini ataonekana bahili, kumbe ndivyo wengi walivyoanza.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1939, mfanyabiashara Max Eckardt, aliyeona bidhaa za Ujerumani zinakaribia kukatika, aliishawishi kampuni ya Corning itumie mashine yake ya kufyatulia balbu za umeme kutengeneza vitufe vya miti. Mashine ile kwa dakika moja ilitoa vitufe vingi kuliko alivyopuliza fundi wa Lauscha kwa siku. Mwaka 1940 kiwanda kilikuwa kikitoa takriban 300,000 kwa siku. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, ingawa haikuonekana upesi, kwa sababu watu waliozoea kutunza waliendelea kutunza. Tabia ya mkono huchelewa kuifuata bei ya duka. Lakini huifuata. Pambo huanza kuwa takataka siku bei yake inaposhuka chini ya usumbufu wa kulihifadhi: kulikunja, kulifunga, kulitafutia nafasi juu ya kabati, kulifuta vumbi Desemba inayofuata. Anayelaumu uroho wa wanunuzi peke yake amelenga pembeni. Familia nyingi haziamui kutupa. Zinaamua tu kwamba haina maana kuhifadhi.

Hata nyuzi zile za kumetameta zinazoning'inizwa matawini zina simulizi lake. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 zilitengenezwa kwa risasi, madini mazito yaliyozifanya zining'inie vizuri bila kupeperuka. Mwaka 1972 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoona hatari kwa watoto, watengenezaji walikubali kuziacha. Zikaja za plastiki iliyopakwa utando wa metali. Zile za zamani zilikuwa na sumu lakini zilikuwa nzito na za thamani, watu walizinyoosha moja moja wakazirudisha kwenye karatasi yake. Za sasa hazina risasi, ila hakuna anayezinyoosha.

Leo mtu akitaka kuona Krismasi inatoka wapi, hana haja ya kwenda Bethlehemu wala Ncha ya Kaskazini. Aende Yiwu, jimbo la Zhejiang, mwendo wa kilomita 300 hivi kusini-magharibi ya Shanghai. Shirika la habari la China, Xinhua, limewahi kuutaja mji huu kuwa chimbuko la zaidi ya asilimia 60 ya mapambo ya Krismasi ya dunia nzima. Soko lake la kimataifa lina vibanda zaidi ya 70,000 vilivyopangwa korido kwa korido, na sehemu nzima ni ya Krismasi mwaka mzima: Baba Krismasi anayekata mauno, kulungu wa waya, nyota za betri, soksi nyekundu kubwa ambazo hazitavaliwa na mguu wowote.

Yiwu yenyewe ina historia ambayo mtunzi wa hadithi angeionea haya kuibuni. Ardhi yake ilikuwa duni, na wakulima walitembea vijijini wakibeba sukari guru begani na kigoma mkononi, wakibadilishana sukari hiyo na manyoya ya kuku. Manyoya mazuri yalitengenezwa mafagio ya kufutia vumbi; mabaya yakazikwa shambani kuwa mbolea. Ni mji uliojengwa na watu waliojua kwamba hakuna kitu kisicho na kazi. Biashara hiyo ya kuchuuza ilikuwa ikikatazwa mara kwa mara, hadi mwaka 1982 katibu wa chama wa wilaya, Xie Gaohua, aliporuhusu soko lifunguliwe waziwazi. Wajukuu wa wakusanya manyoya sasa wanaiuzia dunia vitu ambavyo vingi havitamaliza mwezi.

Desemba 2014 gazeti la The Guardian la Uingereza lilieleza kazi ya karakana moja ya Yiwu. Kijana wa miaka 19, kutoka familia ya vijijini katika jimbo la Guizhou, na baba yake walichovya vipande vya theluji vya polistirini kwenye gundi, kisha wakaviingiza kwenye mashine inayopuliza unga mwekundu, vipande 5,000 kwa siku. Baba alivaa kofia ya Baba Krismasi, si kwa shamrashamra, bali nywele zisiwe nyekundu. Barakoa zilibadilishwa kumi au zaidi kila siku, na hewa ikabaki nyekundu palepale. Kuhusu sikukuu yenyewe, kijana yule hakuwa na hakika ni ya nini. Alidhani labda ni mwaka mpya wa wageni.

Kwa Yiwu, Krismasi huwa kiangazi. Oda huandikwa mapema mwaka, shehena huondoka katikati ya mwaka, na ifikapo Oktoba au Novemba korido za Krismasi zimetulia, mzigo uko baharini au umeshashushwa. Novemba 2014 hata treni ilishirikishwa: mabehewa ya kwanza yaliondoka Yiwu kwenda Madrid, safari ya kilomita 13,000 na siku 21, yakiwa na bidhaa za msimu. Mzigo wa Afrika Mashariki haupandi treni hiyo. Unapakiwa melini bandari ya Ningbo, unaelekea Mombasa na Dar es Salaam, na mara nyingi ni kontena la kuchangia, ambamo mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni, wa vifaa vya simu na wa mapambo kila mmoja amelipia futi zake.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, wanaifahamu Yiwu kama wengine wanavyoifahamu Dubai. Wana mawakala wao huko na wanajua bei ya jumla ya kila kitu. Novemba ikifika, mapambo yanatandikwa njiani, na katika wiki mbili za mwisho yanahamia mikononi mwa machinga kwenye foleni za magari: kofia nyekundu, vimulimuli vya betri, pembe za kulungu za kuvaa kichwani. Joto la Dar es Salaam mwezi wa Desemba ni la kutoa jasho kivulini, na bado kofia ya manyoya inauzika.

Ni vizuri kukumbuka mapambo yalivyokuwa katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania kabla ya makontena hayo. Kwenye nyanda za juu tawi la msaipresi lilikatwa, likasimikwa kwenye ndoo ya mchanga au mawe. Pamba ya dukani, ileile ya kufungia vidonda, ilinyofolewa ikawa theluji. Kadi zilizotumwa kwa posta zilipangwa kwenye uzi ukutani. Karatasi za chooni za rangi, hasa ya waridi na ya manjano, zilisokotwa zikavutwa kutoka pembe hadi pembe ya sebule, na maputo mawili matatu yakafungwa katikati. Tusiitukuze mno sebule ile. Karatasi zilitupwa, maputo yalipasuka, na msaipresi ulikauka ukamwaga majani kila mahali. Ila yote yale yalitosha kwenye kikapu kimoja, na pesa halisi ya Desemba haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye nauli ya kwenda kijijini, mchele na nyama, na nguo mpya za watoto. Nguo za Krismasi zilivaliwa kanisani tarehe 25, zikavaliwa Jumapili zote hadi Pasaka, zikaenda shule, zikamalizikia kwa wadogo zao. Huo ulikuwa ununuzi wa sikukuu pia, na hakuna aliyeuita ubadhirifu.

Hiyo desturi haijafa. Barabara ya kwenda Moshi mwishoni mwa Desemba bado hufurika mabasi na magari ya watu wanaopanda milimani kuonana na wazee, na nauli hupanda kila mwaka. Kilichoongezeka ni tabaka jipya juu yake, na tabaka hilo limeanzia maofisini na kwenye maduka makubwa kabla ya kuingia majumbani. Benki, hoteli na maduka hayo hupamba ili watu wapige picha, na picha haitaki kurudiwa. Mwaka huu dhahabu na nyeupe, mwakani buluu na fedha. Mti ambao mwaka jana ulisifiwa na kila mtu huonekana umechakaa, si kwa kuwa umechakaa, bali kwa kuwa umeshaonekana. Simu nazo zimeileta sheria hiyo ya hoteli hadi sebuleni. Mama mwenye mti wa miaka sita anaufikiria upya akiona wa jirani kwenye mtandao.

Sasa, Januari. Hapo ndipo habari hii inapokuwa nzito, na ndipo vipindi vingi vya Desemba huwa vimeshazima vipaza sauti.

Mti wa plastiki wa kawaida una majani ya PVC yaliyosokotwa kwenye waya wa chuma. Plastiki hiyo ni ngumu kurejelezwa, na kuitenganisha na chuma ni kazi ambayo hakuna mwokota taka atakayelipwa kwa kuifanya. Nyuzi za kumetameta ni plastiki na metali zilizoshikana, na polistirini hupukutika kuwa chembe zinazoingia mifereji. Nairobi vitu hivyo vinaelekea Dandora, dampo lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa tangu 2001, ambalo bado linapokea. Dar es Salaam, vinaelekea Pugu Kinyamwezi. Hiyo ni kwa nyumba ambazo gari la taka hufika. Kwingineko taka huchomwa uani, na PVC ikiungua kwenye moto mdogo hutoa gesi ya asidi na sumu za jamii ya dioksini, zile ambazo hukaa kwenye mafuta ya mwili wa binadamu na mnyama kwa miaka.

Afrika Mashariki ina sifa yake katika kupambana na plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mgeni hunyang'anywa mfuko uwanjani akiwa bado na usingizi wa ndege. Wakati huohuo kilo kadhaa za mti wa plastiki hupita bandarini bila kuulizwa, maana sheria zile zinataja mifuko.

Kamba za taa zina safari yao ya ajabu zaidi. Ndani ya kila kamba mna shaba kidogo, na shaba ina mnunuzi popote. Mwandishi wa Marekani Adam Minter, aliyefuatilia biashara ya chakavu kwa miaka mingi, alieleza mji wa Shijiao, kusini mwa China, uliokuwa ukipokea kamba za taa za Krismasi zilizotupwa Marekani: takriban tani 9,000 kwa mwaka. Zamani zilichomwa ili plastiki iishe ibaki shaba, kama wanavyofanya mpaka leo vijana wa chakavu katika miji mingi ya Afrika. Baadaye wenye viwanda wa Shijiao wakabuni njia safi. Kamba zilisagwa, zikachanganywa na maji juu ya meza inayotikisika, shaba nzito ikaenda upande mmoja na plastiki nyepesi ikasombwa upande wa pili. Shaba ikawa waya mpya na mabomba. Plastiki iliuzwa kwa watengenezaji wa ndara, wakaigeuza kuwa soli. Hakuna wa kumcheka mtu wa Shijiao. Ndiye pekee katika mlolongo huu wote aliyeona kamba ya taa iliyozimika akaiita mali.

Wapo wanaosema basi dawa ni kurudi kwenye mti halisi. Hesabu za Carbon Trust ya Uingereza zinasaidia hapa kwa sababu haziko upande wa mtu. Mti wa plastiki wa mita mbili hubeba hewa ya ukaa takriban kilo 40, nyingi ikitokana na plastiki yenyewe na utengenezaji wake. Mti halisi wa kimo hicho, ukiishia dampo na kuoza bila hewa, ni kilo 16. Ukichomwa au kusagwa kuwa matandazo, kilo 3.5. Kwa hiyo wa plastiki hulipia deni lake ukipambwa Krismasi kumi na zaidi, na mti halisi hupoteza ubora wake ukitupwa ovyo. Mwenye tawi la msaipresi lililopunguzwa kwenye ua wa nyumbani yuko chini ya wote hao, na hajalipa hata senti. Lakini mwenye mti wa plastiki alioununua mwaka 2012 na bado anausimamisha hana sababu ya kuona aibu mbele ya mtu yeyote. Kuutupa leo ili anunue kitu "rafiki kwa mazingira" ndio ungekuwa uharibifu.

Wala hili si tatizo la Wakristo peke yao. Setilaiti ileile ya NASA ilionyesha baadhi ya miji ya Mashariki ya Kati iking'aa kwa zaidi ya asilimia 50 katika usiku wa Ramadhani. Cairo ilikuwa na mafundi wa fanusi za bati na kioo cha rangi, taa za mkononi walizobeba watoto wakiimba mitaani. Fanusi za plastiki zenye betri na wimbo, kutoka China, ziliwabana mafundi hao hadi mwaka 2015 serikali ya Misri ilipokataza kuingiza nchini bidhaa zinazoiga sanaa za jadi, fanusi zikiwemo. Misri haikufanya hivyo kwa ajili ya taka. Ilikuwa inaokoa kazi na fedha za kigeni. Lakini ni serikali chache zilizowahi kulitazama pambo la sikukuu zikaliona kuwa jambo la kutungiwa sheria.

Kuna upande mwingine wa haki ambao wakosoaji wa ubadhirifu huuruka. Bei hiyo ndogo ndiyo iliyoiwezesha familia ya chumba kimoja Buguruni, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, kuwasha nyota dirishani kwa pesa ya mikate michache. Zamani kung'aa kulikuwa kwa wachache. Na machinga anayeuza kofia nyekundu kwenye foleni analipa ada ya shule ya Januari kwa kofia hizo. Anayetaka kukemea ubadhirifu, aanze na hoteli inayobadilisha rangi za ukumbi kila mwaka, maana huko ndiko kwenye wingi. Ukumbi mmoja wa hoteli hubeba vitufe vingi kuliko mtaa mzima wa vyumba vya kupanga.

Na hao wakubwa ndio wenye uwezo wa kufanya tofauti bila kupoteza shamrashamra. Mti wa Rockefeller Center wa New York ulianza mwaka 1931, wakati wa dhiki ya uchumi, kwa wafanyakazi wa ujenzi waliochanga fedha wakausimamisha mti kwenye matope na kuuvisha mikufu ya karatasi na matunda madogo mekundu iliyotengenezwa na familia zao. Tangu 2007 mti huo mkubwa ukiondolewa hupasuliwa mbao, na mbao zikapewa shirika la Habitat for Humanity kujengea nyumba za watu wa kipato cha chini. Tarehe 17 Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa chenga za plastiki za kumetameta zinazouzwa zikiwa huru, kwa sababu haziokoteki zikishamwagika. Hatua zote mbili ni ndogo, na Krismasi haikufifia.

Kenya sasa ina chombo ambacho kingeweza kwenda mbali zaidi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtwika mzalishaji jukumu la bidhaa hata baada ya mtumiaji kuimaliza, na mzalishaji katika sheria hiyo ni pamoja na anayeingiza bidhaa kutoka nje. Kwa kampuni ya soda au ya betri, anayehusika anajulikana kwa jina na anwani. Kwa mapambo, anayehusika ni watu sita waliochangia kontena moja, kila mmoja na futi zake, na mzigo wao ukatawanyika kwa jumla na rejareja ndani ya wiki tatu, bila chapa wala jina la kiwanda kwenye boksi. Nani ataitwa kulipia mti uliofika Dandora? Swali hilo lingepaswa kuulizwa Machi au Aprili, wakati oda za Desemba inayofuata zinaandikwa Yiwu na mfanyabiashara bado anaweza kumwambia wakala wake achague kamba ya taa yenye balbu za kubadilishwa badala ya ile inayokufa yote taa moja ikiungua.